Maji Yakipwa, Mwenye Kuuguza Hupumua

Msafiri aondokaye Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya na Somalia, akashika njia ya kaskazini kwa mashua, huwa na bara mkono wake wa kushoto na safu ya visiwa mkono wa kulia. Ni visiwa vya matumbawe, vidogo na vya chini, vilivyopangana sambamba na pwani mfano wa shanga zilizokatikiwa na uzi. Miongoni mwavyo ni Chandraa, Chovai, Chula na Ngumi, na kilicho kaskazini kuliko vyote ni Koyama. Baada yake ni Kisimayu na bandari yake. Wenyeji wa visiwa hivi ni Wabajuni, waitwao pia Watikuu, na usemi wao ni tawi la Kiswahili. Hata jina la Kisimayu, kwa maelezo ya wenyeji, ni kisima cha juu. Mji huo uko kusini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, na kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kiangazi na masika.

Wageni wameiandika pwani hii kwa mambo makubwa. Neville Chittick alichapisha mwaka 1969 maelezo ya magofu yake ya mawe. Wanahistoria wameeleza jinsi Waingereza walivyoikabidhi nchi ya Juba kwa Waitaliani mwaka 1925, na jinsi majeshi yaliyotoka Kenya yalivyouteka mji wa Kisimayu mwezi wa Februari 1941. Magazeti yalijaa habari za mwaka 2012, wakati askari wa Kenya, chini ya Umoja wa Afrika, walipouingia mji huo. Lakini nyuma ya magofu, mikataba na mizinga kuna nyumba, na ndani ya nyumba mara nyingi yumo mtu aliyelala kitandani, na mwingine aliyeketi kando yake. Huyu wa pili hatajwi sana.

Na achukuliwe binti mmoja wa Chula, asiye na jina hapa kwa sababu wako wengi kama yeye. Mama yake amepatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili umepooza na maneno hayatoki sawasawa. Binti amefunzwa hospitalini kwamba mgonjwa wa namna hiyo asiachwe alale ubavu mmoja, bali ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ama sivyo ngozi itachubuka na vidonda vya kulalia vitaanza. Amefunzwa pia kwamba asilishwe hali amelala. Aketishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo, asiharakishwe, na kwamba kwa aliyelegea koo uji mzito hupita kwa usalama kuliko maji matupu. Msomaji mwenye mgonjwa nyumbani atayajua haya, na kama hayajui ni vema amwulize mganga wa zahanati kabla ya siku ya leo kwisha.

Saa mbili, kisha saa mbili tena. Mtu aliyekwisha kuishi kwa hesabu hiyo hahitaji kuelezwa uchovu ni kitu gani. Swali ni wapi binti huyu atapumua, kwa kuwa katika desturi ya pwani hawezi kusimama mlangoni akasema, “Nimechoka na mama yangu, nakwenda kutembea.” Maneno hayo hayasemeki. Atakayeyasikia ataona mzigo umemshinda, na mama mwenyewe, ambaye masikio yake ni mazima, atageuza uso kwenye ukuta.

Jawabu la kwanza limo kisimani.

Katika kisiwa cha matumbawe hakuna mto wala chemchemi. Mvua inyeshayo hupenya katika mchanga na jiwe, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Ni tabaka jembamba. Anayechota kwa pupa, ndoo juu ya ndoo, huyavuta yale ya chini, na kisima kikageuka cha chumvi. Kwa hiyo mchotaji huteka kidogo, akangoja maji yajikusanye, kisha akateka tena. Katika kungoja huko binti wa Chula huketi juu ya jiwe alfajiri, mikono mitupu, na hakuna awezaye kumlaumu kwamba amekawia, kwani aliyemkawiza ni kisima. Wanawake wengine wapo. Watamsalimu, watamwuliza hali ya mgonjwa, naye atajibu neno moja, kisha mazungumzo yataendelea juu ya bei ya sukari au harusi ya fulani. Hilo nalo ni raha yake: kusikia habari isiyomhusu.

Jawabu la pili ni kubwa zaidi, nalo ni bahari.

Maji ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na ushei, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hurudi mbali sana, na kupwa kwake kwa mchana huangukia karibu na saa nne asubuhi. Hapo mwamba hufunuka. Wanawake na watoto hushuka na vikapu na vijiti vya chuma kutafuta pweza, kaa na kombe. Katika siku za maji mafu bahari hairudi mbali, wala mwamba haufunuki vizuri, na vikapu hukaa nyumbani.

Basi siku za bamvua binti wa Chula huwa na ruhusa ambayo hakuiomba. Husema tu, “Maji yamekupwa,” na kila mtu ameelewa. Ni kazi, ni kitoweo cha nyumba, ni supu ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna atakayeiita mapumziko. Lakini amtazamaye kwa mbali atamwona akitembea polepole kuliko ilivyo lazima, akisimama penye kidimbwi kilichobaki mwambani, akikodolea macho samaki wadogo waliofungiwa humo hadi maji yatakaporudi. Pweza anajua kusubiri tunduni, naye binti kwa saa moja hana haraka. Upepo unampiga usoni, na harufu ya dawa ya kuchulia imemtoka mikononi. Pengine atarudi na pweza wawili, pengine na kikapu kitupu. Mama mkwe mwenye hekima hataulizia sana kikapu.

Wako wataalamu wa mijini ambao siku hizi humshauri mwenye kuuguza ajitengee muda wake mwenyewe. Shauri ni jema, ila linamtaka aanze kwa kusema kwamba ana haki ya muda huo, na ni wachache wenye ujasiri wa kulisema hilo mbele ya shangazi zao. Watu wa visiwani walilipitisha jambo hilo kwa mlango wa uani. Waliyaweka mapumziko ndani ya kazi, ambamo hayaonekani.

Hali ni hiyo hiyo kwa usukaji. Alasiri, mama akiisha kugeuzwa na kulishwa, kitanda husogezwa karibu na mlango wa uani ili apate upepo wa bahari. Binti huketi chini, akatandaza miyaa, akasuka ukili. Ni kazi ya vidole, na akili yaweza kwenda itakako. Zamani mikono ya kusuka majani kama hii ilifuma hata tanga, kwani mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulikwenda kwa tanga la mkeka. Mitepe imekwisha. Ukili ungalipo, na urefu wake hupimwa kwa pima, hivyo kwamba mwisho wa juma lenye taabu binti ana kitu mkononi cha kuonyesha, wakati ugonjwa wa mama hauonyeshi chochote ila kwamba bado upo.

Si mbali na hapo, katika visiwa vya Lamu, aliishi Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu. Mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa siku nyingi, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, ambao umesomwa na vizazi vya wanawake wa pwani. Hukumbukwa kwa mawaidha yake juu ya ndoa, na watu wamebishana sana juu ya hayo. Lakini jambo la kwanza analolifanya mama huyo hutajwa kwa nadra: humwita binti karibu, akamtaka aje na wino na karatasi. Kwa maneno mengine, mgonjwa alimpa muuguzaji wake kazi isiyo ya kufua wala kulisha. Alimketisha. Walio wagonjwa nao wanaweza kutoa, na binti wa Chula hulijua hilo siku ile mama yake, kwa nusu ya mdomo, anapomkosoa jinsi alivyoanza ukili, naye akaufumua na kuuanza upya kwa furaha kubwa.

Wanaume nao huuguza, ingawa huitwa kwa jina jingine. Huko Koyama au popote penye wavuvi, mzee asiyeweza tena kwenda baharini hubebwa na mwanawe hadi kivulini pwani, mahali mashua zinapopakwa mafuta ya papa na kuzibwa nyufa kwa pamba. Hapo mzee ananyolewa ndevu. Na wakati wa kunyolewa atasimulia habari ya chazo, yule samaki mwenye kunata: jinsi alivyofungwa uzi mkiani, akaachiwa majini karibu na kasa, akamganda mgongoni, na wavuvi wakamvuta kasa taratibu hadi ubavuni mwa chombo. Mbinu hiyo ya Wabajuni imewastaajabisha wageni tangu zamani, na Mwitaliani Vinigi Grottanelli, aliyechapisha kitabu juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, ni mmoja tu kati ya waliowachunguza. Kijana amekwisha kuisikia hadithi hiyo mara zisizo na idadi. Haikatizi. Wembe unakwenda, mzee anazungumza, na kwa nusu saa hakuna anayemwuliza mwenzake penye maumivu. Akimaliza, atatazama kamba ya mashua iliyo karibu na kusema kwamba imefungwa vibaya. Kijana atakwenda kuifunga upya hata kama ilikuwa sawa.

Kusi ikiingia sana, miezi ya Juni na Julai, bahari ya nje ya visiwa huchafuka na safari hupungua hata kwa mashua zenye mashine. Mgonjwa ambaye alipaswa kuonwa na daktari Kisimayu hana budi kungoja. Ni hatari, na wako waliokufa kwa kungoja. Haifai kuupamba upepo huo kwa maneno matamu. Walakini mwenye kuuguza hupata katika siku hizo namna ya utulivu usiotarajiwa, kwa kuwa lile swali la kila usiku, “Je, nimpeleke kesho, au nimwache?”, limejibiwa na bahari. Atalala saa mbili zake kamili.

Mpaka hapa yamesemwa yale ambayo mtu aweza kuyapata peke yake. Kubwa kuliko yote hakuweza kulipata peke yake hata zamani, nalo ni kupokelewa zamu. Ili binti ashuke mwambani, lazima abaki mtu kitandani. Kijiji cha Kibajuni kilikuwa na mikono ya kutosha: wifi, mke wa mjomba, jirani ambaye si ndugu lakini amenyonyesha na mama mgonjwa mwaka mmoja. Waliingia bila ya kuitwa. Hakuna aliyepanga orodha.

Mwaka 1991 serikali ya Mogadishu ilianguka na vita vikaifikia Kisimayu na visiwa vyake. Watu walinyang'anywa vyombo na nyavu, wengi wakauawa, na wengi zaidi wakapanda majahazi kukimbilia Kenya. Katika miaka hiyo ya 1990 Wabajuni wengi walikaa katika kambi ya Jomvu, kando ya Mombasa. Baadhi walirejea visiwani. Baadhi walibaki pwani ya Kenya. Wengine wakavuka hadi Uingereza, ambako leo kuna jamaa za Kibajuni. Hesabu ya hasara hiyo hufanywa kwa nyumba zilizobomolewa na mashua zilizoibwa. Iko hesabu nyingine. Nyumba iliyokuwa ya wifi sasa imeota majani. Yule aliyenyonyesha pamoja na mama yuko nchi ya baridi, na magoti yanamwuma yeye pia. Binti ana kisima kile kile na mwamba ule ule, na bamvua huja kwa siku zake, ila mara nyingine maji hupwa yakajaa tena naye hakutoka mlangoni, kwa kukosa mtu wa kumwachia kitanda.

Simu imerudisha sehemu ya walioondoka. Usiku, sauti ya dada aliye ng'ambo husikika kitandani, na mama, aliyekaa kimya mchana kutwa, hutabasamu kwa upande ule unaotii. Kwa dakika kumi binti hukaa kizingitini akitazama nyota. Fedha nazo huja kwa njia hiyo hiyo, na dawa hununuliwa. Ni lazima isemwe lakini kwamba walio mbali hutuma pia mashauri, na mashauri yao ni mengi kuliko fedha: mpe hiki, mkanye kile, kwa nini hukumpeleka? Dada mwenye busara huanza kwa kumwuliza muuguzaji, “Wewe je, umelala?” Kisha humwacha azungumze.

Askari asomaye haya lindoni anajua zamu ni nini. Hakuna kamanda awekaye mtu mmoja langoni siku tatu mfululizo bila ya kumpokea, na kama yuko, asishangae kumkuta amesinzia juu ya bunduki. Lakini askari huyo huyo huenda amemwacha mkewe kijijini na mama mgonjwa kwa mwaka mzima, akatuma mshahara kwa uaminifu, na kuona kwamba wajibu umetimizwa. Mshahara ni wajibu, naam. Hata hivyo barua moja kwa ndugu wa pili, ya kumwomba akae na mama kila Jumamosi tangu alasiri hadi magharibi, yaweza kufika mahali ambapo fedha haifiki. Nayo iandikwe waziwazi, kwa siku na saa, kwa sababu “mtusaidie kumtazama mama” ni ombi ambalo kila mtu hulikubali na hakuna alitimizaye.

Bahari ikitulia, mwisho wa kusi, mgonjwa wa Chula hufikishwa Kisimayu. Hospitali Kuu ya mji huo imekuwa ikisaidiwa kwa miaka mingi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na wagonjwa wake hutoka mjini, visiwani na katika vijiji vya bondeni mwa mto Juba. Kama ilivyo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, jamaa huja na mgonjwa wake, huleta chakula, hufua, hulala ukutani. Ajabu ni kwamba hapo, penye kelele na joto, binti huona mzigo umepungua. Kando yake yuko mama wa Kisomali kutoka bara anayemwuguza mumewe. Hawajuani, na lugha yao ya pamoja ni maneno machache tu. Siku ya pili, mmoja anapokwenda msalani, mwingine husogea katikati ya vitanda viwili na kuvitazama vyote. Siku ya tatu wanapokezana usiku: huyu hulala mpaka saa nane, yule mpaka alfajiri.

Mashua ya kurudi huondoka Kisimayu asubuhi na mapema. Mgonjwa hulazwa juu ya godoro chini ya turubai, na dawa za miezi miwili hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe. Koyama hupita, na Ngumi. Nahodha huzungumza na vijana wake kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mgonjwa.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa umeandama, bibi mmoja jirani wa Chula, ambaye mwenyewe hatembei ila kwa mkongojo, hupiga hodi saa tatu asubuhi. Huketi kitako kando ya kitanda, akachukua kipepeo mkononi.

“Mgonjwa aonaje?”

“Alhamdulillahi, bibi. Amekunywa uji.”

“Maji yanakupwa, mwanangu. Chukua kikapu.”

“Amegeuzwa saa mbili na nusu, bibi. Itakuwa tena…”

“Saa nne na nusu. Hesabu naijua. Nenda.”